Yowe la Boma la Nyamizi

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yuster binti Leonidas
Umri: miaka 48
Kabila: Mhangaza
Dini: Mkristo Mkatoliki
Elimu: darasa la saba
Kazi: mkulima, pia kiongozi wa kwaya ya kigango
Makazi: kitongoji cha Nyamahwa, kata ya Bisibo, wilaya ya Biharamulo
Tarehe: 17 Juni 2025, kuanzia saa tatu asubuhi
Anayeandika: Koplo Abeli

Mimi mwenye jina hapo juu naeleza kama ifuatavyo.

Afande Abeli, kwanza habari za asubuhi na pole kwa kazi. U mzima? Nakusikia unakohoa tangu nilipoingia, na vumbi hili la Juni linatusumbua wengi. Mama watoto naye hajambo? Umeniambia tuingie kwenye maelezo, lakini nimekuomba uandike na salamu, maana nilivyolelewa mimi siwezi kumweleza mtu jambo zito kabla sijajua ameamkaje. Ahsante, naona unaandika. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Magoti tu yananiuma kwa mbio za juzi, na mbio hizo ndizo nilizoitiwa hapa.

Nilizaliwa Ngara nikaolewa Bisibo mwaka 1998. Sauti yangu inajulikana. Sijisifu, Mungu ndiye aliyenipa, mimi nimeitunza tu kwa kuimba. Nikimwita mwanangu kutoka shambani anaitika yeye na watoto wa ng'ambo ya bonde ambao sikuwaita. Naeleza haya kwa sababu umeniuliza swali moja: siku ya tukio nani alipiga yowe? Swali hilo lina majibu mawili na yote ni ya kweli, kwa hiyo naomba univumilie nianzie mbali.

Namfahamu Nyamizi, mjane wa marehemu Ngassa. Ni Msukuma, walihamia kwetu kutoka Shinyanga, na shamba lake na langu yametenganishwa na mstari wa minyaa tu. Ana ng'ombe wachache wa maziwa na maksai wawili wa kulimia, mmoja anaitwa Dereva na mwingine Konda. Hao maksai ndio mkono wake. Yeye ni mtu mzima, mtoto wake wa pekee ameolewa Geita, bila Dereva na Konda hawezi kulima hata tuta la viazi.

Mwaka 2022 Nyamizi alipasuliwa uvimbe wa shingo. Uvimbe ulitoka, tukashukuru, lakini sauti nayo ilitoka. Tangu hapo ananong'ona tu. Ili umsikie lazima umwinamie kama padri anayemuungamisha mtu.

Sasa kwetu, ng'ombe wakiibwa, mwenye boma ndiye anayepiga yowe. Wasukuma wanaliita mwano. Ukilisikia unaacha ulichoshika, hata kama ni mtoto unayemwogesha, unatoka. Asiyetoka anatozwa faini. Na anayepiga yowe la uongo naye anatozwa, mbuzi mzima. Ndivyo tunavyolindana. Kwa hiyo mtu asiye na sauti, hata akipendwa na kijiji kizima, siku ya wezi yuko peke yake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, kwenye kikao cha ukoo ambacho na mimi jirani niliitwa, shemeji yake Nyamizi aitwaye Bulugu, mdogo wa marehemu, alisema mbele ya watu: "Shemeji, wezi wakija utawanong'oneza? Mahindi yakishavunwa nawachukua ng'ombe wote nikae nao kwangu. Wewe nenda Geita ukalee wajukuu." Watu walicheka kidogo. Bulugu si mtu mbaya, afande, anaogopa tu mali ya kaka yake isipotee. Lakini Nyamizi hakucheka. Aliinuka akaondoka, nami nikamfuata. Tulipofika kwenye minyaa alinivuta kitenge, akaninong'oneza, "Siendi Geita."

Yeye hajabatizwa. Mimi humwombea kila siku na yeye anajua. Siku ile niliomba Mungu amrudishie sauti. Niliomba nikidhani itarudi kooni.

Mnamo tarehe 11 Februari 2025 walikuja wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Rwamigezi kilichoko Ngara. Chuoni kwao kuna chumba wanachokiita karakana ya ubunifu. Humo wanaunda vitu, na mwalimu wao huwatuma vijijini waulize watu wana shida gani, kisha warudi wakahangaike nayo. Walikuwa sita. Aliyewaongoza ni binti aitwaye Diana, mzaliwa wa Kabanga, na msaidizi wake Fideli. Tulikaa nao ndani ya kigango. Diana akasema, "Shikamooni wazazi wetu. Hatukuleta kitu, tumekuja kuuliza."

Mzee mmoja akamjibu, "Marahaba. Wote huanza hivyo, halafu wanatupiga picha."

Tukacheka, na Diana akacheka pia, akaiweka simu yake ndani ya mkoba tukimwona. Watu wakataja barabara, wakataja maji, wakataja zahanati. Diana akasema, "Baba zangu, barabara hatuiwezi, karakana yetu haina katapila. Tupeni kitu kinachoingia mlangoni."

Nyamizi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alisimama, akaweka mkono shingoni, kisha akaunyoosha kuelekea zizi lake. Watu wote waliomjua walielewa. Wanafunzi hawakuelewa, nikawatafsiria mimi.

Mwezi Machi walirudi na kisanduku. Kilikuwa na spika yenye mdomo mpana kama zile za wauza dawa mnadani, betri, paneli ya sola ya ukubwa wa sinia, na kitufe cha kuvaa shingoni kwa kamba. Nyamizi akibonyeza, spika inalia. Walipobonyeza ililia kama gari la wagonjwa. Hakuna mtu mzima aliyetoka nyumbani kwake. Watoto walikimbilia barabarani kutazama gari. Bulugu alikuwa anapita na baiskeli, akasema, "Kumbe ng'ombe wakiibwa wanapelekwa hospitali."

Fideli alinuna. Diana hakununa, aliniuliza, "Mama, kwani hapa mtu hutoka akisikia nini?"

Nikamwambia, "Hutoka akisikia mtu."

Hapo ndipo nilipoombwa sauti yangu. Nilimuuliza Nyamizi kwanza kama anakubali kulia kwa sauti ya mwingine. Aliniinamia, akasema, "Wewe si ndiye unanijibia hata sokoni?" Ni kweli, tunaenda wote sokoni, yeye ananong'ona bei na mimi naitangaza. Nikakubali.

Nilikwenda Ngara kwa basi nikiwa na nauli waliyonitumia na ndizi za kuwapelekea. Afande, ukipata nafasi nenda kaitazame karakana ile. Nilitegemea ofisi. Nilikuta meza zimejaa nyaya na redio zilizopasuliwa matumbo, mashine inayochora kikombe cha plastiki hewani kidogo kidogo mpaka kinasimama, na baiskeli ya matairi matatu wanayomtengenezea fundi viatu mmoja asiye na miguu. Kila kijana aliacha kazi akaniamkia. Waliniingiza kwenye kijichumba walichobandika trei za mayai ukutani ili sauti isitoke nje. Nikafanya ishara ya msalaba, nikafumba macho, nikawaona wezi kabisa, nikapiga induru, kama tunavyoiita sisi Wahangaza. Ndefu, ya juu, isiyo na kituo. Trei moja ilidondoka. Fideli alivua vile visikilizio akasema, "Mama, masikio haya nilikuwa bado nayahitaji."

Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025 wakaja kujaribu. Mbali na sisi wawili, waliyemwarifu ni mwenyekiti wa kitongoji peke yake, kwa sababu walitaka kuona watu watafanya nini kweli. Nyamizi akabonyeza. Sauti yangu ikatoka kwenye spika, ikapita bonde, mimi mwenyewe nikasisimka.

Watu walitoka. Walitoka wote. Lakini akina mama walitoka na kuni kichwani na unga kwenye ndoo. Wanaume walikuja na majembe na sepetu. Mmoja alibeba turubai. Kwa maana kwetu Ngara induru ile ni ya hatari, lakini hapa, mwanamke akilia kirefu bila maneno, tena kwenye boma la mtu aliyewahi kuumwa, huo ni msiba. Bulugu alifika wa kwanza, amevaa ndara moja, analia, "Shemeji! Shemeji yangu jamani, nilikukosea!" Akamkuta shemeji yake amekaa kwenye kigoda anasukasuka maziwa kwenye kibuyu.

Nyamizi aliniita kwa kidole. Nikamwinamia. Akasema, "Waambie wakae. Unga si wameshaleta?"

Ugali ukapikwa, na maziwa yale yakanywewa. Lakini wazee walisema yowe la uongo ni yowe la uongo, wanafunzi walipe mbuzi. Diana akapiga magoti, akasema, "Wazee wetu, mbuzi hatuna. Tuna bisibisi." Wakakubaliana. Vijana wale walikaa chini mpaka jua linazama, wakatengeneza tochi, redio, na matundu ya chaji ya simu za kitongoji kizima. Redio ya mume wangu iliyokaa kimya tangu mafuriko inaongea mpaka leo, na mimi sijui kama nishukuru.

Bulugu ndiye aliyesema kosa liko wapi. Alikuwa bado anajifuta macho na amekasirika kwa aibu. Alimwambia Fideli, "Mwano una maneno, wewe! Unataja boma, unataja njia waliyoshika ng'ombe. Huu wenu ni wa maiti." Diana alimshika mikono yote miwili akamshukuru, na Bulugu hakujua atazame wapi.

Wiki iliyofuata Diana na Fideli walirudi na kinasa sauti. Safari hii hatukwenda Ngara, tulirekodi palepale zizini, na sehemu hii naomba afande uiandike taratibu. Maneno hayakutungwa na mimi wala na wanafunzi. Nyamizi alininong'oneza sikioni neno moja moja, nami nikalipaza. Maneno yake ni haya: "Wezi kwa Nyamizi! Sijauza, sijampa mtu! Wameshika bondeni!" Na yowe la pili ni hilohilo, ila mwisho linasema "Wameshika barabarani!" Ni kwa sababu kutoka kwake zipo njia mbili tu za kupitisha ng'ombe. Wanafunzi wakamfungia vitufe viwili kwenye kamba moja, cha mviringo ni bondeni, chenye makovu ya kuchongwa ni barabarani, apapase tu bila kutazama.

Diana alisema, "Mama Nyamizi, hayo ya sijauza, sijampa mtu, tungeyapunguza. Watu wasikie haraka."

Nyamizi akatikisa kichwa. Akaniambia, "Mwambie aliache." Na alipokuwa anasema hivyo alikuwa anatazama upande wa nyumba ya Bulugu. Nilimwelewa, nikatabasamu moyoni, sikutafsiri sababu. Likaachwa.

Sasa nakuja siku ya tukio. Mnamo tarehe 15 Juni 2025, siku ya Jumapili, majira ya saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa kanisani. Kigango chetu kiko juu ya mwinuko, bonde liko katikati, na boma la Nyamizi liko mwinuko wa pili. Hakukuwa na padri, aliyeongoza ibada ni katekista Juvenali. Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo, mimi nimesimama mbele ya watu wote, mdomo nimefunga, katekista anafungua kitabu.

Ndipo nikajisikia ninalia nje.

"Wezi kwa Nyamizi! Sijauza, sijampa mtu! Wameshika bondeni!"

Kanisa zima lilinigeukia. Sauti ni yangu, kila mtu anaijua, na mimi nipo mbele yao sijafungua kinywa. Bibi Verediana, aliyekuwa kiti cha mbele, alinishika mkono kuona kama nina joto. Akasema, "Yuster, umekufa lini?"

Nikasema, "Sijafa bibi. Yule ni Nyamizi. Twendeni!"

Sauti ikarudia. Katekista Juvenali alifunga kitabu, akasema, "Amani ya Kristo iwe nanyi. Tutamalizia tukirudi. Kimbieni!"

Watu walitokea milangoni na madirishani. Na kwa sababu sauti ilisema bondeni, hakuna aliyepoteza muda kwenda bomani kuuliza wala barabarani kuangalia. Walishuka moja kwa moja kwenye kivuko cha kijito. Wale wa upande wa Nyamizi waliokuwa majumbani nao walishuka kutoka nyuma. Mimi nilikimbia na joho la kwaya. Sikuwa nimekimbia hivyo tangu shule.

Nilipofika niliona vijana wawili nisiowajua, mmoja amevaa koti la kijani, wakiwa na Dereva na Konda kivukoni. Dereva alikuwa ameshaingia majini. Konda alikuwa amegoma, maana Konda hapendi maji, na yule mwenye koti alikuwa anamvuta pua, miguu yake mwenyewe imezama kwenye tope. Walikuwa wamezungukwa pande zote. Hawakuwa na pa kwenda.

Niliona fimbo zimeinuliwa, na mtu mmoja ana panga. Afande, unajua inavyokuwaga. Niliogopa kuliko nilivyoogopa wezi. Nikapaza sauti yangu yote iliyobaki: "Msiwapige! Ng'ombe wamepatikana, msiwapige!" Wakasimama. Nafikiri kwa sababu ilikuwa ni sauti ileile iliyowatoa nyumbani, iliwashika bado hawajajua ni nani anayesema. Katekista Juvenali akaingia katikati na kanzu yake nyeupe, akakaa chini kwenye tope mbele ya wale vijana. Basi nani atarusha fimbo kumpitia katekista? Wakafungwa mikono kwa mkanda wa kanzu hiyohiyo, wakakabidhiwa kwa mgambo na mtendaji. Polisi mlifika saa saba mchana mkawakuta wazima, hata kofi hawakupigwa. Hilo nataka liandikwe, maana ni sifa ya watu wa Nyamahwa.

Yaliyotokea bomani kabla ya yowe sikuyaona. Nyamizi amenieleza, na atakuja kukueleza mwenyewe. Naomba umpe kiti cha karibu na sikio lako. Anasema walikuja wawili, wakamkuta anachambua maharage. Walikuwa wanajua kwamba hana sauti, sijui nani aliwaambia. Yule mwenye koti alimwamkia kabisa: "Shikamoo mama." Kisha akafungua zizi. Nyamizi akasimama mlangoni. Yule kijana akacheka, akamwambia, "Piga yowe basi, mama, tusikie." Mwenzake akasema, "Muache, labda anatuaga."

Nyamizi akangoja waonyeshe wanashika njia gani. Huo ndio moyo wa huyo mama, afande, alingoja. Walipopinda kwenda bondeni akapapasa kitufe cha mviringo, akabonyeza. Anasema yule mwenye koti alianguka chini palepale kwa kustuka, akainuka, akaanguka tena.

Siku hiyohiyo nilimpigia Diana simu. Nilimwambia, "Mwanangu, kimelia, na wamekamatwa." Kisha nikasikia anapiga kelele, na wenzake wote wa karakana wanapiga meza na mabati, na Fideli anauliza kwa mbali, "Walikuja na kuni au na fimbo?" Nikamwambia fimbo, mwanangu, safari hii ni fimbo. Tulilia wote kwenye simu mpaka salio likaisha.

Sasa nimeelezwa kwamba watuhumiwa wanasema hivi: maksai walipewa na mwenyewe wakawauze, na kwamba alipowaona wanaondoka nao hakukataa, hakusema kitu. Wanasema yowe ni la Yuster, na Yuster alikuwa kanisani, watu mia wanashuhudia, kwa hiyo pale bomani hakuna aliyekataa. Na nimeelezwa pia kwamba kisanduku kimechukuliwa kama kielelezo, na kwamba binti Diana huenda akaitwa aeleze kwa nini ametengeneza kitu cha kuleta taharuki.

Kuhusu Diana, huyo binti ameleta utulivu. Taharuki waliileta mwenye koti na mwenzake.

Kuhusu yowe najibu hivi, na hapa ndipo yale majibu mawili yanapokutana. Sauti ni yangu. Niliitoa kwa hiari, wala si mzimu wala si uchawi, na nipo tayari kuipaza mahakamani wakitaka kulinganisha, ila wafungue madirisha kwanza. Lakini maneno ni ya Nyamizi, alinipa sikioni mwenyewe mwezi wa nne, wanafunzi wawili wakishuhudia. Na kidole kilichobonyeza ni cha Nyamizi. Mimi nilikuwa nangoja somo la Injili, sikujua kama kuna mwizi duniani. Wanasema hakukataa. Amekataa, tena kijiji kizima kilimsikia akikataa: sijauza, sijampa mtu. Ni wao walioambiwa wakiwa wameshika kamba, na hawakuiachia. Afande, mtu anawezaje kukataa zaidi ya hapo?

Jambo la mwisho. Jumapili ileile jioni Bulugu alikuja kwa Nyamizi. Mimi nilikuwepo, tulikuwa tunawapa Dereva na Konda chumvi. Alikuwa mmoja wa waliofika kivukoni mapema, ameumia mguu kwenye jiwe. Alisimama nje ya zizi, akavua kofia. Akasema, "Shemeji, lile neno la sijampa mtu. Nililisikia vizuri."

Nyamizi akaendelea kumlambisha Konda chumvi.

Bulugu akasema, "Ng'ombe wabaki. Na wewe ubaki. Nitakuja kukusaidia kuziba pengo lililo kwenye minyaa yako." Kisha akaniuliza mimi pembeni kama wale wanafunzi wanaweza kumtengenezea na yeye, maana siku hizi kifua chake hakifiki mbali. Nikamwambia aende Ngara mwenyewe, asisahau ndizi.

Afande, ninachoomba ni kimoja. Nyamizi amelala siku mbili bila kile kisanduku, na mimi nimelala siku mbili masikio yako wazi kwa ajili yake, mume wangu ni shahidi. Ninyi mmekiweka stoo, na kule stoo hakuna ng'ombe. Mkipige picha, mkiandike namba, mfanye yote ya sheria, lakini mkirudishe bomani. Naomba nijibiwe mapema, ikiwezekana kabla jua halijazama leo, nimpelekee jibu mkononi. Na kile kikohozi chako, tafuta asali ya hapa kwetu Biharamulo, usinywe chai ya tangawizi peke yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatoa kinywani mwangu. Nimesomewa yote, nimeyakubali, ni ya kweli, na Mungu ananiona.

Saini ya shahidi: Yuster Leonidas

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi. Baada ya shahidi kusaini, nilitoa kielelezo stoo na kukiweka uani, nikabonyeza kitufe cha mviringo ili kulinganisha sauti. Sauti ni ya shahidi. Maneno ni kama alivyoeleza. Baada ya muda mfupi watu wa sokoni waliingia uani kituoni wakiwa na fimbo, na muuza nyama mmoja akiwa na panga la kazi. Nimewaeleza kuwa ni uchunguzi, wametawanyika kwa amani. Wazee watatu wamebaki wakidai faini ya yowe la uongo.

Kielelezo kimepigwa picha na sauti imenakiliwa. Mkuu wa kituo ameridhia kirudishwe kwa mwenye boma kwa dhamana, atakileta mahakamani kitakapohitajika. Nimekipeleka mwenyewe kwa pikipiki saa kumi alasiri, nikakifunga mahali pake kwa maelekezo ya Diana kwa njia ya simu. Mwenye boma amepokea na kuweka dole gumba. Aliponiashiria nimwinamie nilidhani anataka kushukuru. Habari zilikuwa zimenitangulia. Aliniuliza kama mbuzi nimeshalipa.

Nimemjibu kuwa suala hilo linafanyiwa kazi.

Saini: Koplo Abeli, 17 Juni 2025